Nusu triathloni ya Rubavu: nimwambie kaka yangu asimame saa ngapi?

*"Mimi ni mwanamume wa miaka 44, naishi Mombasa. Nimejiandikisha Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda (kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1), na ni mara yangu ya kwanza kwa umbali huu. Baharini naogelea kilomita 1.9 kwa dakika 42. Kwa baiskeli, mimi na wenzangu wanane hutoka Nyali tukashika barabara ya Malindi. Kilomita 90 tulizimaliza kwa saa 3 na dakika 5. Nusu marathoni yangu bora ni saa 1 na dakika 48. Nikijumlisha napata saa 5 na dakika 35. Mwenzangu mmoja anasema nikikaza kwenye baiskeli, maana ndiko kwenye kilomita nyingi, nitashuka chini ya 5 na nusu. Lakini mwaka jana, kwenye mashindano mafupi hapa pwani, nilishuka kwenye baiskeli nikiwa wa tisa kisha nikaishia kutembea. Kaka yangu anaishi Gisenyi, huko huko Rubavu, na anauliza asimame saa ngapi kwenye mstari wa mwisho. Nijipangeje, na nimwambie nini? (Mara mbili kifua kimenibana mwanzoni mwa kuogelea katika kundi, lakini kiliachia nilipopunguza mwendo.)"*

Ndugu yangu, swali lako kubwa umelificha ndani ya mabano. Hesabu za saa na dakika tutazifanya, tena kwa urefu, lakini kifua kilichobana mara mbili kinatangulia.

Mara nyingi jambo hilo lina sababu ya kawaida. Mtu amesimama ufukweni dakika ishirini, mwili umepoa. Filimbi inalia, anaingia majini pamoja na watu wanaompiga mateke huku na huku, anavuta mikono kana kwamba safari ni ya mita 100, kumbe ni ya 1,900. Mapigo ya moyo yanaruka ghafla, pumzi inakatika, hofu inaingia, na hofu yenyewe inazidi kuikaba pumzi. Akipunguza mwendo, kwisha. Huenda lako ni hilo. Lakini mishipa ya moyo iliyoanza kuziba nayo inaweza kujitangaza hivyo hivyo, na hakuna kocha awezaye kutofautisha haya mawili kwa kusoma barua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliopitia triathloni za nchi hiyo kuanzia 1985 hadi 2016, ulihesabu visa 135 vya kifo au moyo kusimama. Ukilinganisha na mamilioni ya walioshiriki ni idadi ndogo sana. Ila 90 kati ya visa hivyo vilitokea majini, na waliopatwa wengi walikuwa wanaume, kwa wastani wa umri wa miaka 46 na ushei. Wewe una 44.

Kwa hiyo, kabla ya mazoezi makali mengine, nenda kwa daktari. Mweleze maneno yale yale uliyoniandikia, umwambie pia kama kuna mtu katika ukoo aliyeanguka ghafla akiwa bado kijana, na uulize kuhusu kipimo cha umeme wa moyo, hasa kile kinachofanywa ukiwa unatembea au kukimbia kwenye mashine. Upimwe na shinikizo la damu siku hiyo hiyo. Ikiwa baada ya kuogelea uliwahi kukohoa mate yenye povu au rangi ya waridi, hilo pia mwambie, kwa sababu mapafu ya waogeleaji wengine hujaa maji hata moyo ukiwa mzima. Na siku ya mashindano, kifua kikibana, geuka chali, inua mkono, shika kayaki ya waokoaji. Kanuni zinaruhusu kushika na kupumzika mradi isikusogeze mbele. Watu wengi hawalijui hilo, wanajilazimisha kuendelea wakidhani wakigusa tu wametolewa.

Daktari akikuruhusu, yafuatayo ndiyo yako.

Jumla yako ya saa 5 na dakika 35 ina makosa manne, na matatu kati yake hayahusiani na nguvu zako hata kidogo. La kwanza ni dogo: umesahau kuwa kuna kubadilisha. Kutoka majini, kukimbia hadi baiskeli, kuvaa helmeti na viatu vidole vikiwa bado vinatetemeka, kisha baadaye kurudisha baiskeli na kuvaa raba: mgeni hutumia dakika 8 hadi 12 kwa mara zote mbili. Saa ya mashindano haisimami hapo katikati. Tayari uko 5:45.

La pili ni bahari. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia mbili na nusu, kwa hiyo yanakuinua. Miguu inakaa juu, mwili unateleza. Ziwa Kivu ni maji baridi, maana yake hayana chumvi, na mtu ambaye miguu yake huwa inazama atalihisi hilo mapema. Tena Mombasa kuna kujaa na kupwa. Dakika zako 42 zinategemea sana uliogelea maji yakielekea wapi, na kama ulikwenda upande mmoja tu basi mkondo huenda ulikubeba nusu ya njia bila kukudai shukrani. Tafuta bwawa la mita 25, uogelee urefu wake mara 76 bila kusimama, ndipo utapata namba ya kweli. Halafu ongeza dakika mbili au tatu za kupinda. Katika maji wazi hakuna mstari chini wa kufuata, na asiyeinua kichwa kutazama maboya huogelea mita 2,000 akidhani ni 1,900. Kwa mwendo wako, kila mita 100 za ziada ni dakika 2 na sekunde 13. Mimi ningekuandikia dakika 44 hadi 48. Maji ya Kivu yana ubaridi kuliko uliouzoea. Suti ya mpira huruhusiwa kwa washiriki wa kawaida maji yakiwa nyuzijoto 24.5 au chini ya hapo, nayo husaidia kuelea. Lakini kwa mtu ambaye kifua kimewahi kumbana, suti mpya inayobana kifuani ni balaa. Kama utaivaa, iwe umeshaogelea nayo mara kadhaa nyumbani, hata kama utatoka jasho ndani ya maji.

La tatu ni wale wenzako wanane. Nawapenda, lakini wanakudanganya. Anayeendesha nyuma ya mwenzake kwa karibu huokoa robo ya nguvu zake au zaidi, kwa sababu wa mbele ndiye anayepasua hewa. Rubavu utakuwa peke yako. Kanuni za mashindano haya zinataka mita 12 kati ya baiskeli na baiskeli kwa washiriki wa kawaida, na anayejibanza nyuma ya mwenziwe husimamishwa dakika kadhaa kwenye hema la adhabu. Na barabara ya Malindi ni tambarare. Halafu kuna upepo: kusi likivuma linakusukuma mgongoni ukienda kaskazini, na kama mlikunywa chai njiani mkazima saa, mkaiwasha tena wakati wa kurudi, hizo saa 3 na dakika 5 zina mengi ya kujibu. Nenda peke yako siku moja, alfajiri, kilomita 90, saa isizimwe hata ukisimama kuziba pancha. Nitashangaa ukipata chini ya 3:20.

Kisha kuna vilima. Rwanda wanaiita nchi ya vilima elfu moja, na wenyeji hawatanii. Hapa watu wengi wenye akili zao hukosea hesabu rahisi. Wanasema: nikipanda kwa kilomita 20 kwa saa na kushuka kwa 40, wastani ni 30. Sivyo. Kilomita 45 za kupanda kwa mwendo wa 20 ni saa 2 na dakika 15. Kilomita 45 za kushuka kwa mwendo wa 40 ni saa 1 na dakika 7 na nusu. Jumla ni saa 3, dakika 22 na nusu, yaani wastani wa kilomita 26.7 kwa saa. Mlima unakunyima muda mwingi kuliko mteremko unavyokurudishia, kwa sababu kasi ndogo unakaa nayo kwa muda mrefu zaidi. Chukua ramani rasmi ya njia ya mwaka huo, angalia mchoro wa miinuko, ugawe njia vipande vipande na kila kipande ukikadirie kivyake. Usikadirie kilomita 90 kwa namba moja.

Mwinuko wa mahali nao una neno. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na wewe mapafu yako yamezaliwa kwenye usawa wenyewe. Hewa kule ni nyepesi, kila pumzi ina oksijeni pungufu, na uwezo wako wa juu utashuka kwa asilimia chache. Habari njema ni kwamba hewa nyepesi hupasuliwa kirahisi na baiskeli, na joto la Rubavu si la Mombasa. Kwa hiyo mwinuko hautakuvunja, ila utakubadilishia maana ya mwendo: ile kasi ambayo nyumbani unaihisi ni ya wastani, kule moyo utaidai bei ya juu. Ukiweza kufika siku nyingi mapema, vizuri. Watu wengi wana kazi na ruhusa ni siku nne tu; hao naona bora wafike, walale, waogelee kidogo ziwani, wapande mlima mmoja polepole ili mwili upate habari, na wasijaribu kufidia lolote.

Kosa la nne ndilo la nguvu, na ndilo lililokufanya utembee mwaka jana. Umeichukua nusu marathoni yako ya siku moja, uliyoikimbia ukiwa umelala vizuri na miguu mipya, ukaiweka baada ya saa nne na zaidi za kazi. Hapo ndipo ushauri wa mwenzako unapoingia, na hapo ndipo nataka tukae.

Anasema kaza kwenye baiskeli kwa kuwa ndiko kwenye kilomita nyingi. Inaingia akilini, hadi uitazame hewa. Nguvu ya kupasua hewa haiongezeki sambamba na kasi. Inaongezeka kwa kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu. Kwenye tambarare, kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 32 ni nyongeza ya mbili tu, lakini kazi ya kupasua hewa inapanda kwa takriban asilimia 21. Unapata nini? Kilomita 90 kwa 30 ni saa 3 kamili. Kwa 32 ni saa 2 na dakika 49, ukiondoa sekunde chache. Umenunua dakika 11. Sasa tazama ulilipa nini. Kama kwa mwendo wa utulivu ungekimbia kilomita kwa dakika 5 na sekunde 50, kilomita 21.1 zingekuchukua saa 2 na dakika 3. Miguu ikifa, ukawa unakimbia kidogo na kutembea kidogo kwa wastani wa dakika 7 na nusu, ni saa 2 na dakika 38. Umepoteza dakika 35 ili upate 11. Wahenga wetu walishasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sakafu ya triathloni ni baiskeli.

Ndani ya mwili kunatokea haya. Misuli na ini vina akiba ya wanga, kwa mtu mzima aliyekula vizuri takriban nusu kilo, nayo haitoshi kwa saa sita za kazi nzito. Mafuta ya mwilini yako tele hata kwa mtu mwembamba, lakini huchomwa polepole. Ukienda kwa utulivu, mwili huchanganya mafuta mengi na wanga kidogo. Ukipandisha juhudi, hasa ukisimama juu ya kanyagio kupandisha mlima kwa hasira, mchanganyiko unageuka na wanga unaungua kwa kasi. Na wanga huo huwezi kuurudisha wote kwa kula: utumbo hupokea takriban gramu 60 kwa saa, hadi 90 kwa waliozoeza tumbo lao na kuchanganya aina mbili za sukari. Zaidi ya hapo inabaki tumboni inapiga kelele. Juu ya hilo, jasho linapunguza maji ya damu, kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo, na moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Ndiyo maana kwa mwendo usiobadilika mapigo hupanda saa kwa saa. Wewe ulishuka baiskeli wa tisa ukiwa umekwisha tumia vyote. Ulichokuwa nacho ni nafasi, miguu ulikuwa umeiacha barabarani.

Nami niliwahi kulipa karo ya shule hiyo. Nilikuwa na miaka 31, umbali wa Olimpiki, yaani kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Kwenye baiskeli niliwapita watu kumi na wanne. Nakumbuka kwa kuwa nilikuwa nawahesabu kwa sauti kama kondakta wa daladala. Kwenye mbio walinirudia kumi na wanane. Mmoja alikuwa mzee wa makamo mwenye kitambi ambaye alinipa pole kwa heshima kubwa, jambo lililoniuma kuliko miguu.

Wala usidhani ni ugonjwa wa wageni tu. Septemba 2016 huko Cozumel, Mexico, katika fainali ya msururu wa dunia, Jonny Brownlee wa Uingereza alikuwa anaongoza zikiwa zimebaki mita mia chache. Joto likamshinda, akaanza kuyumba barabarani kama mlevi. Kaka yake Alistair, bingwa wa Olimpiki, akamkuta, akamkamata bega, akamburuta hadi mwisho na kumsukuma avuke mstari mbele yake. Henri Schoeman wa Afrika Kusini alikuwa ameshawapita na kushinda. Wewe nawe una kaka pale mwisho, lakini washiriki wa kawaida wakipokea msaada wa mtu wa nje hutolewa, kwa hiyo mwache kaka yako apige makofi tu.

Basi uendeshe vipi? Achana na kilomita kwa saa siku hiyo. Vilima na upepo vitaifanya namba hiyo iwe uongo kila dakika. Tumia pumzi. Kwenye baiskeli uweze kusema sentensi nzima kwa sauti bila kukata katikati. Ukiweza kusema neno moja moja tu, punguza gia sasa hivi, usisubiri kileleni. Ukiwa na saa ya kupima mapigo, itumie kama breki, iwe dari usilolivuka. Na dari hilo ulipate kutoka mazoezini mwako, achana na ile kanuni ya 220 toa umri, ambayo kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi kila upande. Dakika 20 za kwanza baada ya kutoka majini ni za kujizuia kwa makusudi. Mapigo yako juu, umati unashangilia, kila mtu anakupita. Waache wapite. Kwenye mlima, kaa kwenye tandiko, gia nyepesi, uache wenye misuli waende. Kileleni usipumzike mara moja. Endelea kukanyaga hadi kasi ikurudie, ndipo ujiachie kwenye mteremko. Hapo ndipo muda hupatikana kwa bei nafuu.

Kula kuanzie dakika ya 15 ya baiskeli, kabla njaa haijaja. Ndizi moja kubwa iliyoiva ina takriban gramu 25 hadi 30 za wanga. Gramu 60 za sukari ya kawaida kwenye lita moja ya maji, chumvi kiasi na ndimu, ni kinywaji halali kabisa ambacho hakina haya mbele ya pakiti za bei kali. Tende nazo ni nzuri, tumbo lako la Pwani linazijua. Kanuni yangu pekee hapa ni kwamba usimeze siku ya mashindano kitu ambacho hukukimeza mazoezini ukiwa juu ya baiskeli. Na usibugie maji matupu kwa kuogopa kukaukiwa. Anayekunywa maji kupita kiasi kwa saa nyingi hupunguza chumvi ya damu, anavimba vidole, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na watu wakidhani ni kiu wanamwongezea maji mengine. Huyo ni wa kupelekwa kwa madaktari wa mashindano mara moja.

Mbio zenyewe zitaanza kwa uongo. Miguu iliyozungusha kanyagio saa tatu na nusu huhisi kama mbao, ila kasi huwa kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mwili bado una mdundo wa kanyagio. Wengi hukimbia kilomita mbili za kwanza kwa kasi ya nusu marathoni yao bora bila kujua. Kwako, kilomita tatu za mwanzo zisishuke chini ya dakika 6 kwa kila moja. Utajiona mwoga. Tembea hatua 20 kwenye kila meza ya maji, unywe kikombe chote, kingine ujimwagie kichwani, uondoke. Kutembea kulikopangwa ni tofauti kabisa na kule kwa mwaka jana. Kama ifikapo kilomita ya 14 bado una pumzi ya maneno, hapo sasa ongeza.

Namba sasa. Nusu marathoni baada ya baiskeli, kwa mgeni anayejizuia, mimi huongeza asilimia 15 hadi 25 juu ya muda wake bora, na siku mbaya zaidi ya hapo. Kwa saa 1 na dakika 48, asilimia 15 inakupa 2:04, na 25 inakupa 2:15. Siku njema basi ni hivi: majini 44, kubadilisha 5, baiskeli 3:22, kubadilisha 4, mbio 2:04, jumla saa 6 na dakika 19. Siku ngumu, yenye upepo na maboya yaliyopotea: 48, 7, 3:45, 5, 2:20, jumla saa 7 na dakika 5. Katikati yake, mahali fulani karibu na 6:40, ndipo ningeweka pesa zangu kama ningekuwa mtu wa kamari. Mashindano ya umbali huu kwa kawaida hufungwa saa 8 na nusu, na majini hufungwa baada ya saa 1 na dakika 10. Soma mwongozo wa washiriki wa mwaka wako. Una nafasi ya kutosha. Najua 6:40 imekuvunja moyo kidogo baada ya kuishi na 5:35 kichwani miezi yote hii. Ninaamini mtu wa nguvu zako anaweza kufika huko siku moja, kwenye njia tambarare, mara ya tatu au ya nne. Akijaribu mara ya kwanza Rubavu, atatembea.

Usiniamini mimi tu, jipime. Wiki sita kabla ya safari, chagua siku, ondoka alfajiri peke yako, kilomita 60 za baiskeli kwa ile pumzi ya sentensi nzima, ukila kama utakavyokula siku yenyewe. Ukifika nyumbani, vua helmeti, vaa raba, ukimbie kilomita 8 papo hapo. Linganisha kilomita mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Zikilingana, juhudi yako ya baiskeli ni sahihi, na mwendo huo wa mbio, ukiongeza sekunde 15 hadi 20 kwa kilomita kwa ajili ya mwinuko na umbali uliobaki, ndio makadirio bora kuliko fomula yoyote niliyokupa hapa. Za mwisho zikichelewa kwa zaidi ya nusu dakika, ulikaza sana. Rudia baada ya wiki mbili ukiwa umepunguza. Jaribio hili ukilifanya mara mbili utajijua kuliko ninavyokujua. Na kama goti, mgongo au ganzi ya mikono ndiyo itakayokusumbua ndani ya jaribio hilo, mtafute fundi anayejua kupima urefu wa tandiko na umbali wa usukani kwa mwili wako, umwone ana kwa ana. Hilo halirekebishwi kwa maneno.

Kuhusu kaka yako, Kiswahili kina zawadi ndogo hapa ambayo Wazungu hawana. Mashindano yakianza saa 12 asubuhi, saa yetu ya ukutani ndiyo saa ya mashindano: ikisema saa 6 na dakika 40, umeshatumia saa 6 na dakika 40. Yakianza saa 1 asubuhi, unaongeza moja tu. Kwa mwanzo huo, mwambie asimame kuanzia saa 7 na dakika 15 mchana asiondoke hadi saa 8 na robo, na asianze kuwapigia simu hospitali saa 7 na nusu. Waliobaki Mombasa wanaofuatilia kwenye simu wakumbuke kuwa Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja, wasije wakadhani umechelewa kabla hujamaliza baiskeli. Na mwambie aje na ndara. Raba zako zitakuwa zimelowa, na hutataka kuinama kufungua kamba.